Kibaraza Kilichomtembeza Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, Sultani Mwinyi Shaha aliwaona raia wake wakishinda vibarazani kupiga soga na kunenepa. Yeye mwenyewe hatoki ila kwa machela, mabegani mwa wapagazi! Basi akaamuru vibaraza vyote vya njiani vivunjwe, ili watu watembee.

Ikawa vijana wakahamishia soga ndani, na wazee hawakutoka kabisa, maana mzee hutembea akipumzika, na pa kupumzika hapakuwapo tena. Bi Mwanakombo, aliyezoea kujikongoja kila siku kwenda kumwona dada yake mgonjwa, sasa alikaa kitandani akilia. Mwanawe Faki, fukara asiye na kitu ila ulimi, akaingiwa na uchungu, akaenda mbele ya Sultani.

"Seyyid, kibaraza ndicho kilichokuwa kikimtembeza mama yangu."

Mawaziri wakaangua kicheko. Sultani akasema, "Ewe mpumbavu, tangu lini jiwe likamtembeza mtu? Kesho niletee kibaraza kinachotembeza watu. Usipokileta, utalala gerezani."

"Nitakileta, Seyyid. Ila sharti ukijaribu mwenyewe, kwa miguu mpaka msikiti wa Ijumaa, na machela ibaki nyumbani."

Sultani aliona haya kukataa mbele ya mawaziri, akakubali.

Asubuhi Faki akaja mikono mitupu.

"Kiko wapi?"

"Kinakufuata nyuma, Seyyid. Tangulia."

Hawajafika mbali, Sultani akawa anahema, jasho limemlowesha ndevu, akitafuta pa kukaa asipaone. Hapo Faki akapiga magoti, akaweka viganja chini.

"Karibu mgongoni, Seyyid."

Sultani akakaa, na hakuwa mwepesi hata kidogo. Faki akauma meno. Pumzi zikarudi, Sultani akainuka, akaenda. Akachoka, akakaa tena. Ikawa hivyo hivyo mpaka mlangoni pa msikiti, watu wamejaa madirishani kushangaa.

Faki akainuka akijishika kiuno. "Seyyid, umetembea au umebebwa?"

"Nimetembea!" akajibu Sultani kwa majivuno.

"Basi kibaraza ndicho hiki, nacho kimechoka. Nakuomba ujenge vya mawe."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Vijengwe vyote upya, na cha kwanza kiwe mlangoni pa Bi Mwanakombo!"

Kisha akageuka, akaitazama njia yote ya kurudi nyumbani. Akamtazama Faki, anayejisugua mgongo.

"La," akasema, "huko kiwe cha pili. Cha kwanza kijengeni hapa hapa. Mimi nasubiri."