Gunia la Nyani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Pakawa na upinde.
Wa nani?
— Wa mwenye tumbo kubwa!
Basi sogeeni karibu, na anayesinzia amwegemee mwenzake.

Hapo kale Nyani alipata upinde, na tangu siku hiyo majirani hawakuwa na raha. Alipiga kibuyu cha huyu, akapiga mzinga wa yule, na kila alichokiangusha alikila. Asubuhi moja akatangaza kwamba kesho shabaha yake ni kiota cha Njiwa, maana mayai mawili yanamtosha kwa kifungua kinywa.

Njiwa hakuweza kuruka na mayai yake. Aliyakalia akitetemeka. Kindi, jirani yake wa tawi la chini, alipomwona moyo ulimuuma, kwani na yeye aliwahi kulea. Akamwambia, "Wewe atamia tu, jirani. Nyani niachie mimi."

Kindi akajaza nyasi kavu guniani, akalisimamisha gunia mbele ya kichuguu chini ya mti wao, akapaka asali katikati. Kisha akamwendea Nyani kwa adabu, akamleta mbele ya gunia.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Upinde ni mzuri, ila shabaha zako ni za kitoto. Ukikosa kiota, mshale unapotelea porini au unamchoma mpita njia. Gunia hili lina kichuguu nyuma yake, mshale hauendi popote. Na ukipiga katikati, mshale unatoka na asali."

Nyani akavuta, akaachia: fyuu! Pu! Akaukimbilia mshale, upinde mkononi. Kindi akamzuia. Alisema asali ya gunia humkaukia anayeiendea na upinde, hivyo aulaze chini kwanza. Nyani akaulaza, akaenda, akalamba. Akafumba macho kwa utamu.

Basi ikawa hivyo. Kila adhuhuri Nyani alipolala, Kindi alipaka asali, ile ile aliyojiwekea chunguni kwa ajili ya masika. Kila jioni Nyani akavuta, akaachia: fyuu! Pu! Akalaza upinde, akaenda, akalamba. Chungu cha Kindi kikapungua, mayai yakapasuka, makinda wakaota manyoya.

Siku chungu kilipokauka, Nyani alipiga gunia, akainua macho, akaona makinda wawili wanachungulia kiotani. Mate yakamjaa. Lakini mshale ulikuwa guniani, na mkono, kwa mazoea, ukaulaza upinde chini. Akaenda. Akalamba nyasi tupu. Akalamba tena. Akatumbukiza kichwa chote guniani kutafuta.

"Sasa, jirani," Kindi akanong'ona.

Puru, puru, puruuu! Mama mbele, makinda nyuma. Yule mdogo alisita kidogo, akamgusa Kindi shavuni kwa bawa, kisha akaruka. Kindi alilia, wala hakuona haya.

Nyani akatoka na nyasi masikioni. "Kindi, asali iko wapi?"

"Imeruka, Bwana Mkubwa."

Hadithi yangu imeishia guniani. Anayetaka asali, atumbukize kichwa. Na funzo lake, wanangu, ni hili: uongo haufai hata kidogo. Waulizeni makinda wa Njiwa. Wako juu huko, na wanakubali kabisa.