Kivuli Alichokisifu Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na gazeti lao, na msiniulize nani aliwafundisha kusoma, aliishi Paa mmoja mwimbaji, jina lake Zuwena. Kimo chake hakikufika goti la Nyati, lakini sauti, wanangu! Akiimba, hata Kiboko na makelele yake yote hutulia majini akasikiliza. Nyimbo alitunga mwenyewe, na kila ubeti alijivunia.

Gazeti lilikuwa la Fisi. Fisi huyo hakuwahi kumsikiliza Zuwena hata siku moja, masikio yake makubwa yale ya bure tu. Kila toleo alimchora picha, akamrefusha shingo, akamkata kiuno kikawa cha nyigu, akamlegeza macho, kisha chini yake akaandika maneno ambayo mimi siyasemi mbele yenu. Gazeti likawa linagombaniwa.

Muda si muda, Zuwena akipanda jukwaani, wale wakubwa, kina Nyati na Kiboko, hawataki tena wimbo. Wanataka ageuke wamwone. Mama yake akaacha kwenda kisimani kwa aibu, na baba akamwambia kama mambo ndiyo haya, basi kuimba kukome.

Kuimba kukome! Hilo ndilo lililomchoma moyo. Akaenda kwa Fisi, akamwomba kwa adabu aandike habari za nyimbo. Fisi akacheka, kwe kwe kwe, akamwambia nyimbo hazina mnunuzi.

"Basi, Bwana Fisi," akasema Zuwena, "Ijumaa nitatokea nyuma ya pazia, watu waone kivuli tu. Wewe ushike kipaza sauti, uwaeleze wanachokiona. Nani anayelijua umbo langu kukushinda wewe?"

Fisi akameza mate, akakubali.

Kutoka hapo Zuwena alikwenda mbio hadi kwa Mama Fisi, bibi wa watu asiyejua kusoma, aliyekuwa akitamba mtaa mzima kwamba mwanawe ana gazeti. Akamsomea, neno kwa neno. Bibi akauliza kama kweli hayo kayaandika mwanawe. Alipojibiwa ndiyo, akajitanda kanga yake vizuri.

"Niambie nifanye nini, mwanangu," akasema.

Ijumaa alasiri uwanja ulijaa pomoni. Pazia jeupe limetundikwa, jua linapiga kwa nyuma. Ngoma ikalia, tindi, tindi, tindi. Kivuli kikatokea, kirefu, kinatembea polepole, nyuma kunapanda na kushuka.

Fisi udenda ukamtoka. "Jamani, tazameni mwendo huo! Tazameni kiuno! Mtoto huyu akinitaka, leo nyumbani sirudi!"

Nyati akapiga kwato. Kiboko akapiga mbinja.

Pwaa! Pazia likaanguka.

Alikuwa Mama Fisi, anachechemea kwa miguu yake mifupi ya nyuma, kama wachechemeavyo fisi wote. Kipaza sauti kikamponyoka mwanawe.

"Mama..."

"Usiniite mama. Yote unayowasemea binti za wenzio, leo umenisemea mimi hadharani. Endelea basi. Mbona umenyamaza?"

Fisi akaufyata mkia. Nyati akawa anazikagua kwato zake. Kiboko, maana naye ana mama, akajifanya anatafuta kitu mchangani.

Ndipo Zuwena akapanda jukwaani, mdogo vile vile alivyozaliwa. Wengine wakanong'ona kwamba kwenye gazeti alikuwa mrefu. Hakuwajali. Hakugeuka, wala hakulegeza jicho.

"Mimi ni Zuwena," akasema. "Kazi yangu ni kuimba."

Akaimba, na uwanja mzima ukasikiliza hadi ubeti wa mwisho. Alipomaliza, baba yake alisimama mbele ya wakubwa wote, kifua mbele, akasema, "Huyo ni binti yangu."

Hadithi yangu imefika nyumbani, nanyi ishikeni hii: usimsemee mtoto wa mwenzio neno usiloweza kulisema mbele ya mama yako.