Fisi wa Chombo cha Chuma na Silaha ya Bi Kicheche

Zamani hizo, kobe bado hajajengewa nyumba mgongoni, wanyama walivua pembe, kucha na miiba kama sisi tunavyovua viatu mlangoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya chemchemi: unaweka silaha yako kando ya jiwe, unakunywa kwa amani, kisha unavaa na kwenda zako. Mwaka ule kiangazi kilikausha mito yote, chemchemi ikabaki moja tu, na hakuna aliyethubutu kuivunja ada.

Hakuna, ila Fisi. Asubuhi moja chombo cha chuma kilianguka kutoka nyotani, kikatua kando ya maji. Mlango ulikuwa wazi, ndani hamna mtu, na Fisi akiona mlango wazi hapigi hodi. Akalamba kuta, akatafuna viti, akakanyaga kitu asichokijua. Mara chombo kikanguruma, kikasimama kwa miguu yake ya chuma na kutoa mwanga wa zambarau. Ukikupiga mwanga ule, miguu inakufa ganzi papo hapo.

"Silaha kwanza, maji baadaye!" Fisi akapaza sauti kutoka ndani. "Na ikishaingia kwangu, hairudi!"

Kifaru alimvamia, akapigwa mwanga, akaacha pembe. Nungunungu akaacha miiba, akarudi kwake uchi huku amejifunika jani. Hata Simba, aliyekuja akijigamba kwamba hawezi kushindwa na sufuria, akaacha kucha na meno. Fisi akazitundika zote ukutani, akawa kutwa anazipangusa kwa mkia na kujichekea.

Zamu ya Sungura ikafika.

"Huna pembe, huna miiba," Fisi akasema. "Huna silaha, huna maji."

"Bwana Fisi, wanangu wana kiu tangu jana."

"Wape mate!"

Sungura alirudi nyumbani bila hata mzaha mmoja mdomoni, naye si mtu wa kukosa mzaha. Akamkuta kitinda mimba wake akilamba kibuyu kitupu. Roho ikamuuma sana. Kisha akakasirika, na Sungura akikasirika ndipo akili humjia mbio.

Akaenda kwa jirani yake, Bi Kicheche, mama mpole asiyekaribishwa ndani popote.

"Jirani, Fisi ameshaichukua silaha yako?"

"Yangu nani aitake?" Bi Kicheche akacheka. "Harusini kwenyewe mimi huwekwa nje, pamoja na masufuria."

"Leo utabembelezwa uingie nayo ndani. Twende."

Walipofika, Sungura akainama kwa adabu. "Hongera, Bwana Fisi, kwa hazina hiyo. Ila pole."

"Pole ya nini?"

"Silaha kali kuliko zote huna. Anayo Bi Kicheche. Hata Mzee Simba akimwona hupisha njia. Muulize."

Simba, aliyejilaza kivulini, akatazama pembeni. "Mimi simpishi mtu," akanung'unika, akimumunya maneno kwa ufizi mtupu. "Yule dada nampisha kwa heshima tu."

Udenda ukamtoka Fisi. "Ivue niione!"

"Haivuliwi, Bwana," Sungura akasema. "Hutolewa palepale. Tatizo ni huu upepo, utaibeba yote."

"Upepo uchukue mali yangu? Thubutu! Ingia ndani, dada. Nitafunga mlango, nitaziba kila tundu, isipotee hata chembe."

"Lakini utaiweza?" Sungura akauliza kwa huruma ya uongo. "Inasemekana wenzako harufu iliwashinda."

"Harufu?" Fisi akaangua kicheko. "Mimi niliyelelewa na mizoga!"

Bi Kicheche akaingia. Komeo likalia, na kila tundu likazibwa. Nje wanyama wakasikia sauti ya Fisi: "Toa yote, dada! Usinibanie!"

Bi Kicheche, ambaye maishani mwake hakuwahi kuombwa aongeze, akageuka, akainua mkia, akatoa yote.

Fisi alizijua harufu zote. Asichokijua ni kwamba ile huunguza macho. Akapapasa mlango alioufunga mwenyewe, asiuone. Akakanyaga kila kitu cha kukanyagwa, na chombo kikaruka, kikazunguka, kikajipiga mateke. Hatimaye mlango ukafyatuka. Fisi akatoka mbio huku akilia na kucheka kwa pamoja, akapotelea vilimani. Bi Kicheche akashuka taratibu, akaaga kwa adabu zote.

Wanyama wakaziba pua, wakaingia kugombania vilivyo vyao. Kifaru kwa haraka akaibandika pembe puani badala ya kichwani, na hadi leo iko hapohapo. Wote wakaapa kutovua tena. Walipotoka, chombo nacho kikapaa chenyewe kurudi kwao nyotani, nadhani kutafuta wa kukiosha.

Sungura akajaza kibuyu, akakimbia nacho nyumbani, na wanawe wakanywa hadi matumbo yakalia ndwi! Jioni ilipochezwa ngoma ya shukrani, Bi Kicheche aliketishwa katikati, na Simba akaketi ubavuni mwake, amejikaza, machozi yakimtiririka. Kwa heshima tu.

Fisi alisikia ngoma kutoka mbali, macho mekundu, ukuta wake mtupu, kiu imemkaba. Mtaka yote hukosa yote.