Jani la Isale

Mwaka ambao mito ya Ukambani ilibaki mchanga mtupu, zamani kabla babu ya babu yangu hajaota meno, Syokau, mama wa Kikamba, alivunjiwa vibuyu vyake sokoni, chini ya Kilimanjaro. Sogeeni, wajukuu. Naanzia hapo.

Alikuwa ametembea, akalala porini, akatembea tena. Kichwani vibuyu, amevichora mwenyewe, vya kubadilishana na ndizi. Nyumbani watoto wake walikuwa wakichemsha mizizi. Akatandika ngozi, akavipanga. Mara fahali wa Kiwia, mwenyeji wa pale, akakata kamba, akavikanyaga. Vyote.

Kiwia hakujua lugha ya Syokau. Alikimbia, akarudi na jani refu la kijani, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Watoto wangu ni mbuzi?" Syokau akasema. "Nakudai chakula, unaniletea majani?"

Akalitupa. Akalitupa, akalikanyaga. Unacheka, Mbula? Pale hakucheka mtu. Wanawake walifunika ndizi zao, wakampa mgongo. Akaenda kuomba kwa huyu: hana ndizi. Akaenda kwa yule: hana ndizi. Na ndizi anaziona. Hasira zikampanda.

Bibi Manka, mkongwe wa soko aliyejua Kikamba kwa biashara, akamjia.

"Mwanangu, umekanyaga isale. Huku mkosaji akileta isale, halikataliwi."

"Nimsamehe bure? Na vibuyu vyangu?"

"Nani kasema bure? Jani si malipo. Jani ni kukiri kosa. Ukilipokea, atakulipa. Ukilikataa, kesi imekufa, na mkosaji ni wewe."

"Lakini bado nina hasira, mama."

"Kuwa nazo. Ila jani liwe mkononi."

Syokau akainama. Akaliokota, akalipangusa vumbi.

"Mwambie nimepokea," alisema, bila kumtazama Kiwia. "Sasa ndizi. Na mzigo ataubeba yeye."

Bibi Manka akafasiri. Wanawake wakafunua ndizi zao, Kiwia akazilipia.

Hata mimi hasira ninazo, wajukuu, kwa watu wanaofika kwa wenzao na kuhukumu kabla hawajakaribishwa kiti. Ugenini ukipewa kitu usichokijua, kishike kwanza. Uliza. Ukishajibiwa, kasirika ukitaka.

Kisa kimetua mzigo, nami nimetua. Kama Syokau na Kiwia walizungumza njiani, sikuambiwa. Nililoambiwa ni hili: Kiwia alizibeba ndizi hadi Ukambani, na watoto wakala.