Chungu Kilicholia Sokoni

Paukwa!

Pakawa!

Mlazeni mdogo kwanza. Nimechoka, sitarudia.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, aliishi mjane aitwaye Mize. Chungu chake kilivunjika. Akambeba kuku wake wa mwisho, akaenda sokoni kwa Mbaruku, mchuuzi wa vyungu.

Desturi yao ilikuwa hivi: mnunuzi hukigonga chungu kwa kidole. Kikilia vizuri, husema, "Nimeridhika." Akishasema, basi tena.

Mize akagonga. Ngiii!

"Nimeridhika." Akamtoa kuku.

Nyumbani akateleka kunde. Tii, tii, tii... chwaaa! Moto ukazimika. Watoto wakalala na njaa.

Akarudi sokoni.

"Kaka Mbaruku, chungu kinavuja."

"Kilipolia ulisema nini?"

"Nilisema nimeridhika."

"Basi ridhika, dada yangu."

Mize akakibeba chungu, akarudi nyumbani. Alikisikia kwa masikio yake kikilia! Jirani akamwambia, "Mafiga yako hayakai sawa." Mwingine akasema, "Wewe mwenyewe unakoleza moto mno." Akapanga mafiga upya. Akapunguza kuni. Tii, tii, tii... chwaaa! Akaanza kuamini kwamba hajui kupika.

Akaenda kwa Bi Mashavu, yule mkunga mzee tunayemkumbuka mpaka leo.

"Bibi, sokoni kinalia, kwangu kinavuja. Mbovu ni chungu au ni mimi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Twende tukakiulize."

Bi Mashavu akabeba kuni, kunde na mafiga matatu. Akayapanga mbele ya Mbaruku.

"Mwanangu, nina njaa. Nipikie, tule sote."

Watu wakacheka. "Leo Bi Mashavu kaja kuolewa!"

Mbaruku naye akacheka. Akavipita vyungu vya mbele. Akavipita vya nyuma. Akaingia kibandani, akatoka na chungu cheusi, kimejaa masizi.

"Hicho cha nani?"

"Changu, cha kupikia."

"Na hivi vinavyong'aa?"

"Vya kuuza."

"Nipikie katika cha kuuza. Kunde zikiiva, nakinunua."

"Aa, Bibi, hicho kitavu..." Akajiziba mdomo.

Watu wakasogea karibu. Bi Mashavu akakigonga kimoja. Ngiii! Akatia maji, akawasha moto. Tii, tii, tii... chwaaa! Nta nyeusi ikachuruzika, ufa ukaonekana.

"Umeziba ufa kwa nta, ukampa mwenzio lawama," akasema Bi Mashavu. "Mpe Mize chungu chako."

Mbaruku akakitoa. Mize akapika palepale, kunde zikaiva. Kumbe alijua kupika siku zote.

Tangu hapo mafiga hayakuondolewa sokoni. Chungu kwanza moto, kisha "nimeridhika."

Chungu chenye ufa kililiaje? Msiniulize, mimi pia sielewi. Ninalolijua ni hili: kitu kibovu kikikushinda, usikimbilie kujilaumu. Mrudishie aliyekuuzia, akitumie yeye mbele yako.

Hadithi yangu imeiva, naiepua, imeishia hapo. Haya, kalaleni.