Kwa Nini Shule ya Pumzikoni Haina Mlango

Kulikuwa na wakati, wanangu, ambapo shule yetu ilikuwa na mlango. Mlango mzima, wa mbao za mvule, wenye bawaba na komeo. Najua hamwamini, maana asubuhi ya leo tu mbuzi ameingia darasani akatafuna kofia ya mwenzenu, nanyi mkaniuliza kwa mara nyingine kwa nini hatuweki mlango. Basi kaeni kitako, na wewe uliye dirishani teremka, niwaeleze.

Siku hizo kijiji kilikuwa kipya. Waliokijenga walikuwa wametoka utumwani karibuni. Wengine waliachiwa huru mashambani ilipotolewa amri ya kukomesha utumwa, wengine waliokolewa njiani kabla hawajauzwa. Kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao, wakaelewana kwa Kiswahili cha kubahatisha. Walipanda mihogo, wakajenga nyumba, kisha wakaomba mwalimu.

Akaja Mwalimu Priskila, binti aliyezaliwa na kusomeshwa misheni, ambaye hakuwahi kuwa mtumwa hata siku moja. Alikuja na vibao vya kuandikia, chaki na chati za herufi. Mkuu wa misheni alikuwa amemwambia wazi: mvua zikiisha atakuja kutazama, na asipokuta watoto wanaosoma, vifaa vitahamishiwa kijiji kingine, na mwalimu pia.

Chati ya kwanza ililiwa na mbuzi, kuanzia A hadi mahali fulani katikati. Ya pili ililowa mvua. Mwalimu akamwomba Farjala, seremala wa kijiji, atengeneze mlango. Farjala aliifanya kazi hiyo kwa moyo, akaupachika mlango, akaweka komeo upande wa nje kama alivyozoea kufanya kwenye maghala. Jioni hiyo hiyo mlango ukatoweka.

Ulipatikana kwa Farjala mwenyewe, umelazwa juu ya mawe, umeanikiwa mihogo. Alipoulizwa, alisema mlango ni mzuri mno, ndiyo maana ameuweka mahali salama. Akaurudisha kwa adabu. Ukatoweka tena. Safari hii wazee wawili walikuwa wameufanya kitanda, nao wakamshukuru mwalimu kwa nafuu waliyoipata mgongoni. Ukarudishwa, ukaondolewa. Kila aliyeulizwa aliitikia, "Ndiyo, mwalimu," kisha akafanya lile lile. Nami nawaambia, niliyefundisha miaka mingi: mbishi huchosha, lakini anayekukubalia kila kitu huchosha zaidi.

Siku moja mlango ulikuwapo, na upepo wa mvua ukawa unaubamiza. Mwalimu, akiwa ndani na watoto, alimwomba mpita njia aliyekuwa akienda sokoni asukume komeo kwa nje. Mgeni yule akalisukuma, akaenda zake. Habari ilifika mashambani upesi kuliko mvua. Kina mama walitupa majembe wakakimbia. Kina baba waliung'oa mlango pamoja na fremu yake, wakawabeba watoto wao mikononi, hata wale wakubwa wenye miguu mirefu inayoburuzwa chini. Kesho yake hakuja mtoto hata mmoja. Wala kesho kutwa.

Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. Priskila alikwenda kwa Farjala akiwa amefura kwa hasira. Akasema wao wenyewe ndio walioomba shule. Akiweka mlango wanauiba, asipouweka wanaosoma ni mbuzi. Aliomba aambiwe kosa lake, ajue analofukuziwa.

Farjala aliinama. Akasema kwamba hata yeye, alipomaliza kupigilia lile komeo, akarudi nyuma kulitazama, hakuweza kuuacha mlango pale. Hakuendelea. Aliyeendelea ni jirani yake, Bibi Zafarani, aliyekuwa akimenya kunde hapo barazani.

"Mwanangu, hukukosa. Hujui tu," alisema. "Mimi na mdogo wangu tulitiwa katika nyumba yenye komeo nje. Mlango ulipofunguliwa, wakamtoa yeye. Mpaka leo sijui alikopelekwa. Sasa nimshike mjukuu wangu mkono, mimi mwenyewe, nimwingize mahali kama pale?"

Priskila aliketi kando yake barazani. Kisha akasema komeo linaweza kuhamishiwa ndani.

"Komeo ni komeo, mwalimu," Bibi akajibu.

Asubuhi iliyofuata Bibi Zafarani alikuja shuleni na mjukuu wake, na ungo wa kunde. Mlango haukuwapo. Akaketi kizingitini, akanyoosha miguu, akaijaza nafasi yote.

"Mbuzi akitaka kuingia, atanikuta," alisema. "Na mtu akitaka kuwafungia hawa, atanikuta."

Wazazi walipomwona pale, waliwarudisha watoto mmoja mmoja. Siku nyingine aliketi Farjala akichonga miiko, siku nyingine mama akisuka ukili wa mkeka. Lakini msidhani mwalimu alipumzika. Aliyeketi kizingitini husikia kila kitu, na Bibi Zafarani alianza kujibu maswali. Priskila akimkumbusha kwamba aliyeulizwa ni mtoto, yeye hujibu, "Nimemngojea, mwalimu. Kunde zimekwisha, yeye bado."

Mkuu wa misheni alipofika, watoto walimsomea, na Bibi Zafarani akawasahihisha. Mgeni akauliza mlango uko wapi. Mwalimu akamwonyesha bibi. Hakuelewa, lakini vifaa alituachia.

Na tangu siku hiyo shule ya Pumzikoni haikuwekwa mlango tena, na kila kukicha nyumba moja hutoa mtu wa kuketi kizingitini. Naam, wengine husinzia, kama alivyosinzia yule wa leo, na mbuzi hupita. Wengine huwanyang'anya majibu, nami hukasirika kama alivyokasirika Priskila. Vumilieni. Mtu huyo anaweza kuja na kazi yake, anaweza kuimba, anaweza hata kunibishia mimi. Jambo moja tu hana ruhusa nalo: kuondoka pale kabla hajamwona mtoto wa mwisho akitoka.