Kiti Kimoja, Programu Tatu

Walio nyuma sogeeni mbele. Hadithi hii nitawakabidhi ikiwa mbichi, mtaipika wenyewe.

Kwenye milima ya chai kulikuwa na sharika tatu, kila moja na kwaya yake na karani wake. Viongozi waliona zinadhoofika, wakaziunganisha. Ofisi ikabaki moja, kompyuta moja, na kiti kimoja cha kuzunguka. Makarani wakabaki watatu.

Wa kwanza alikuwa Tumpe, mjane wa makamo, na kipawa chake kilikuwa kwenye vidole. Alijifunza kuchapa kwenye programu ya zamani, ile yenye kioo cha bluu kisicho na picha hata moja. Humo kila kazi ina kitufe chake, na usipokijua mtabaki mnatazamana tu. Programu hiyo makarani waliiita Babu.

Wa pili alikuwa Ambwene, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, na kipawa chake kilikuwa kwenye macho. Alitumia programu mpya, yenye vijipicha kuanzia kona hii mpaka ile. Wao waliiita Bwana Harusi, kwa jinsi ilivyojipamba. Ukimpa Ambwene ukurasa uliovurugika, alikuwa anauona ulivyotakiwa kuwa.

Wa tatu alikuwa Subilaga, mwimbaji wa sauti ya pili, na kipawa chake kilikuwa sikioni. Yeye alizoea programu ya mtandaoni, ambayo ukiandika ofisini, mwenzako anasoma kwenye simu akiwa shambani. Hiyo ikaitwa Ya Angani.

Mchungaji Mwasanguti hakupenda kumuudhi mtu. Akasema barua za wazee ziandikwe kwa Babu, taarifa za makao makuu kwa Bwana Harusi, na mambo ya kwaya kwenye Ya Angani, na kila karani azifanye zote. Kisha akaongeza, "Makao makuu watamlipa mmoja tu. Tutamjua ni nani kabla ya kanisa jipya kuwekwa wakfu."

Tumpe alichanganyikiwa. Asubuhi alikuwa kwa Babu, na saa nne anaitwa kwa Bwana Harusi, vidole vikiwa bado kule kule. Alitafuta kitufe cha kusevu, kikafungua dirisha lenye maswali ya Kizungu. Alilifunga, likaja jingine. Akihamia Ya Angani alitafuta pa kusevu, hapakuwepo kabisa.

"Dada Tumpe, hii inajisevu yenyewe," Subilaga alimwambia.

"Inajuaje kama nimemaliza?"

"Haijui. Inasevu tu."

"Basi ina kiherehere."

Ambwene alicheka mpaka akashika meza. Tumpe naye alicheka, lakini alipokwenda kunawa mikono alisimama bombani akaomba: "Bwana, wewe hubadiliki. Mbona hivi vitu vinabadilika kila nikigeuka? Nikikosa kiti hiki nitarudi kupalilia chai ya shemeji yangu, na wewe unamjua shemeji yangu."

Kabla ya siku ya wakfu, wazee waliutaka wimbo wa Mwalimu Asukile. Mwalimu huyo aliutunga kwa ajili ya kanisa jipya, akaanza kuifundisha kwaya moja tu, ya akina Subilaga, akafariki kabla haijaushika. Karatasi yake ya mkono aliwekewa kifuani akazikwa nayo, kama familia ilivyoona inafaa. Nakala iliyobaki ni ile ambayo Tumpe alimchapia, kwenye kompyuta kuukuu ya usharika wake wa zamani, iliyotupwa stoo. Bila nakala hiyo, kwaya hazikuwa na cha kujifunza.

Mchungaji akasimama madhabahuni, akateleza ulimi kama baba anayewaahidi watoto. "Atakayetuokolea wimbo wa Mwalimu, huyo ndiye karani wetu!" Waumini wakasema amina. Hapo ahadi ikawa imefungwa.

Babu wa kompyuta ya ofisi alikuwa ametoweka siku hizo, hakuna aliyesema kwa nini, kwa hiyo Tumpe ndiye aliyekwenda stoo. Aliifuta ile kompyuta vumbi, akamwondoa kuku aliyekuwa ametagia juu yake, akaiwasha, na Babu akaamka. Wenzake wawili walisimama nyuma yake. Kioo cha bluu, hakuna pa kubonyeza.

"Unaanzia wapi hapo?" Ambwene aliuliza.

"Sijui kukueleza, mdogo wangu. Vidole ndivyo vinavyojua." Akafumba macho, vidole vikatembea, na wimbo ukatokea, kila nota imesimama juu ya silabi yake.

Wakauchukua kwenye fleshi. Wachapaji wa mjini walipokea kazi za Bwana Harusi tu, kwa hiyo Ambwene ndiye aliyeufungua huko. Lo! Zile do, re na mi zilikuwa zimemwagika kama mahindi ya gunia lililotoboka. Nota za besi zilikuwa kwenye mstari wa soprano, na nyingine zimelundikana pembeni. Tumpe alishika kichwa. Ambwene alichora visanduku, mstari chini ya mstari, sauti nne na maneno yake, akarudisha herufi moja moja pale macho yalipomwambia. Alikesha na kazi hiyo, mke wake akipiga simu kuuliza kama ofisi imemwoa.

Jioni iliyofuata ukurasa ulikuwa umenyooka. Lakini ulikuwa unaimba? Subilaga aliuhamishia Ya Angani, walimu wa kwaya zote wauone kwenye simu zao, akaanza kuimba mstari kwa mstari. "Hapana. Hapa wimbo unalia, haucheki. Shusha nota." Wakashusha. "Besi wametangulia, wasubirishe." Ukurasa ulioonekana mzuri kwa macho ulikuwa umejaa makosa, na sikio la Subilaga liliyatoa yote.

Ilipofika mwisho, Subilaga na Ambwene walitoka kununua vitumbua. Tumpe akabaki na wimbo uliokamilika. Aliutazama, akaogopa. Umesevwa kweli? Programu inasema imesevu, lakini nani aliiona ikisevu? Kwa Babu, kazi ikikamilika unaichagua yote mpaka ifunikwe na rangi, halafu unabonyeza kitufe cha kona. Vidole vikafunika, vidole vikabonyeza.

Ukurasa ukawa mweupe. Juu kabisa, kwa maandishi madogo, Ya Angani ikasema imeshahifadhi.

Tumpe alikaa na weupe ule. Angeweza kusema mtandao umeleta shida, na nani angebisha? Wenzake walipoingia na vitumbua alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni mimi," alisema. "Nimeufuta. Nilitaka kuusevu nikaufuta. Sina pa kujificha mbele za Mungu, sembuse mbele yenu."

Ambwene alikaa kwenye benchi. Subilaga alitupa vitumbua mezani, akaikimbilia kompyuta. "Usiguse kitu! Kuna njia ya kurudi nyuma." Akaitafuta, akabonyeza, akakosea, akabonyeza tena. Wimbo ukarudi, mzima.

"Ungenyamaza," alisema akihema, "walimu wangeanza kuandika juu ya huo weupe, na mimi nisingejua nirudi mpaka wapi."

Walikula vitumbua. Kisha Ambwene akasema, "Mimi nilimfuta Babu kwenye kompyuta ya ofisi wiki iliyopita. Nilisema nasafisha. Nilitaka dada Tumpe aonekane hajui kazi."

Subilaga akatazama dirishani. "Na mimi wimbo nilikuwa naujua wote kichwani. Nilinyamaza ili mshindwe kwanza, nije kuonekana mimi."

Siku ya wakfu kwaya tatu ziliimba kwa sauti moja. Mjane wa Mwalimu alisimama peke yake katikati ya wimbo, na kanisa zima likasimama naye.

Jumatatu Mchungaji aliwaita. Walikuwa wameshamweleza yote, mazuri na mabaya. Akawauliza kila mmoja angemchagua nani.

Tumpe alijaribu kupima. Bila vidole vyake wimbo ungebaki stoo chini ya kuku; lakini ni vidole vile vile vilivyoufuta. Bila macho ya Ambwene ungebaki mahindi yaliyomwagika. Lakini alitaka kumwangusha mwenzake. Bila sikio la Subilaga ungechapishwa wimbo ambao Mwalimu hakuutunga, na ni yeye aliyeutoa kwenye weupe. Lakini angeweza kusema tangu mwanzo akawaepusha na yote hayo. Na kule kukiri kwa Tumpe, kunamwongezea, au kunalipia kosa tu? Kila alipofika kwenye jibu, jibu liligeuka kama programu alizozihama hama.

"Mchungaji, sijui," alisema. "Nakitaka kiti hicho, nisiseme uongo. Lakini sijui."

Wenzake nao walikubali kuwa hawajui. Mchungaji akausimamisha ufunguo wa ofisi mezani, akauangalia, ukaanguka ubavu. Makao makuu walikataa kukigawa kiti, na ahadi ilitoka madhabahuni, hairudishwi.

Sasa ninyi mliosikiliza, msiniambie wote watatu, maana mshahara ni wa mmoja. Ufunguo uko mikononi mwenu: mngempa nani, na wale wawili mngewaambia nini wakiwa mlangoni wanaondoka?